Nyama ina daktari wake, kidole chako kina nani?

Hiyo smoki unayopasuliwa pale steji jioni, ikajazwa kachumbari na pilipili, ukaila ukikimbilia matatu, ilipitia mikono mingi kabla ya kufika kwenye mkokoteni. Kulikuwa na wa kisu, wa msumeno, wa kusaga, wa kupakia, na usiku wa manane kulikuwa na wa kuosha mashine. Wengi wao ni rika letu. Mimi nilikuwa mmoja wao kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, na leo nataka tuongee kuhusu vidole.

Chuo niliacha mwaka wa pili. Sababu unaijua, ni karo, na sitaki tukae hapo. Kuna jamaa wa ploti yetu aliyekuwa anaamka saa kumi usiku kwenda kiwanda fulani cha nyama nje kidogo ya Nairobi. Jina la kiwanda sitalitaja. Siku moja nikamfuata.

Getini mnakuwa vijana hamsini, sitini hivi. Wanaotakiwa labda ishirini na tano. Msimamizi anatoka na daftari la shule, anaelekeza kidole: wewe, wewe, na wewe wa kofia. Ukichaguliwa umepata shilingi 650 za siku hiyo. Kesho mnaanza upya. Shika hapo kwenye daftari na kidole cha msimamizi, kwa sababu kila kitu nitakachokuambia kuhusu usalama kinaanzia hapo getini.

Mafunzo yangu yalichukua dakika kumi na tano. Toa pete. Kata kucha. Funika nywele. Ukipiga chafya, geuka. Kisu kikianguka chini usikiokote ukaendelea nacho, kitumbukize kwanza kwenye maji ya moto ya nyuzi 82. Na ukijikata, tafuta plasta ya buluu. Kwa nini buluu? Kwa sababu hakuna nyama ya rangi hiyo, kwa hivyo plasta ikidondoka kwenye nyama itaonekana haraka. Hiyo niliipenda, nikasimulia hadi nyumbani. Ilinichukua miezi kugundua kwamba katika zile dakika kumi na tano hakuna neno hata moja lililonihusu mimi. Hata plasta yenyewe ilikuwa ya kulinda nyama.

Na usifikirie ninawacheka. Nyama inalindwa, na inalindwa vizuri. Upande wa kuchinja kulikuwa na mkaguzi wa nyama, wazee wa pale walimwita daktari. Huyo mtu ana nguvu, wacha tu. Akipasua ini akaona minyoo, akipapasa tezi akaona hazimpendezi, anainua mkono na laini yote inasimama. Ng'ombe mzima anatolewa kando. Mdosi mwenyewe akiwepo anasimama hapo, mikono mfukoni, ananyamaza. Bila muhuri wa daktari hiyo nyama haitoki getini, na sheria ya nchi iko nyuma yake. Hajawahi kuulizwa, "Unatuchelewesha kwa nini?"

Sasa niambie, ni nani pale ndani alikuwa na mkono wa aina hiyo kwa ajili yetu sisi?

Siku yangu ya tatu nilipelekwa kusaidia kwenye mashine ya kusaga. Ni dude kubwa la chuma, mdomo juu, skrubu nene inazunguka ndani, nyama inaingia vipande na kutoka kama nyuzi. Juu ya mdomo huwa na kikinga chenye swichi: ukikifungua, mashine inajizima. Nikaona mtu ameifunga ile swichi kwa waya, ili mashine idhani kikinga kimefungwa wakati kiko wazi. Kile kigongo cha plastiki cha kusukumia nyama hakikuwepo. Kilipotea, nikaambiwa, tangu Krismasi. Watu walisukuma kwa mkono.

Niliona. Sikuwa mjinga, nilielewa kabisa nilichokiona. Nikahesabu hesabu yangu: nikisema, msimamizi atanijua kama yule wa maneno mengi, na kesho getini kidole chake kitaniruka. Nikanyamaza.

Wiki ya saba, mwenzangu mmoja, wa umri wangu, mtu wa utani mwingi, alikuwa anasukuma nyama iliyokwama. Sitakueleza sauti. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia na nusu ya kingine.

Alibebwa kwenye gari la kampuni hadi hospitali, hilo nitawapa. Laini ikasimama dakika arobaini hivi. Nyama yote iliyokuwa kwenye mashine ikatupwa, kilo baada ya kilo, na kukajazwa fomu: uzito, saa, sababu ya kutupa, sahihi mbili. Mashine ikaoshwa mara mbili. Jioni msimamizi akapita akituuliza sisi tuliokuwa karibu, mmoja mmoja, "Alikuwa mzembe, ama?" Jamaa wawili wakasema ndiyo. Akafika kwangu. Nikasema ndiyo.

Kesho yake getini nilikuwa wa nne kuchaguliwa.

Nakuambia haya ili ujue kwamba ninapozungumza kuhusu utamaduni wa usalama, siongei kama mtu aliyesoma kwenye bango. Mabango yalikuwepo, tena makubwa, yenye picha ya kofia ngumu. Gambuti tulipewa, ingawa zangu zilikuwa namba tatu juu. Hata kitabu cha ajali kilikuwepo ofisini, kisafi kama sare ya fom wani. Kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye njaa kuweza kusema "simamisha" na bado akala kesho.

Baada ya miezi miwili hivi aliletwa meneja mpya wa uzalishaji, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyetoka kiwanda cha chai. Sisi tulimwita Madam tu. Tulitarajia hotuba. Hakutoa. Wiki ya kwanza alivaa gambuti na kusimama sakafuni, shifti nzima, akiuliza watu swali moja: "Jana ni nini nusura kikuumize?"

Nusura. Hilo neno lilibadilisha kiwanda, nakwambia. Kwa sababu ukiulizwa "kuna ajali?" jibu ni hapana, ajali hakuna, kila mtu yuko sawa. Lakini nusura? Nusura ziko kila saa. Nusura niteleze pale kwenye mafuta. Nusura ndoano initie jichoni. Nusura mlango wa chumba cha baridi unifungie. Akaleta daftari, akaliandika juu kwa kalamu nene NUSURA, akalitundika kwa kamba karibu na mahali pa kunywa chai.

Wiki ya kwanza daftari lilikaa tupu. Ya pili, tupu. Si ulidhani tungeandika? Wewe ungeandika? Sote tulikuwa na fikra moja: huu ni mtego, wanataka majina ya wazembe.

Aliyeandika wa kwanza ni mzee wa visu. Huyo alikuwa pale tangu sisi tukiwa nasari, kazi yake kunoa, anakaa kwenye kona yake na kinoo na ile fimbo ya chuma, haongei sana. Akaandika kwa herufi kubwa kwamba jana alimrudishia kijana fulani kisu ambacho hakikunolewa vizuri kwa sababu alikuwa na haraka, na kijana akateleza nacho kwenye mfupa. Yaani aliandika kosa lake mwenyewe. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Kijana, watu huogopa kisu kikali. Kisu butu ndicho kinachokata mtu." Na ni kweli, uliza mchinjaji yeyote: butu unakilazimisha, unaweka nguvu ya bega, kikiteleza kinakwenda na nguvu yote hiyo mwilini mwako. Kikali kinapita chenyewe.

Madam alisoma lile andiko mbele ya shifti nzima. Hakumgombeza mzee. Alimuuliza anahitaji nini asiharakishwe. Mzee akasema: visu vya akiba, ili mtu abadilishe kisu kila baada ya muda fulani bila kungoja. Baada ya siku tisa visu vikaja. Ndiyo, tulihesabu siku. Kijana wa getini huhesabu kila kitu.

Baada ya hapo daftari likaanza kujaa. Ngazi haina kishikio. Taa ya ukumbi wa pili inapepesa. Msumeno wa mifupa unatoa sauti mpya. Mtu mmoja akaandika kwamba mandazi ya saa nne ni madogo, nusura afe njaa. Hata hiyo Madam alisoma.

Lakini kujaa kwa daftari bado si utamaduni. Mtihani ulikuja Ijumaa moja kabla ya sikukuu, oda kubwa ya hoteli, lori limeegeshwa linanguruma. Kulikuwa na msichana mgeni kabisa, siku yake ya pili. Akaona kikinga cha mashine ya kusaga kimeachwa wazi tena na swichi imefungwa, safari hii kwa gundi ya karatasi. Akabonyeza kitufe chekundu. Mashine kimya. Ukumbi wote kimya.

Msimamizi alimjia mbio, na maneno aliyosema hayaandikiki hapa. Madam akafika. Akaangalia kikinga, akaangalia ile gundi, akaitoa mwenyewe, akamwambia msimamizi atafute fundi. Lori likaondoka na upungufu. Simu zilipigwa, na sisi tulisikia baadhi yake, ukuta wa ofisi ni mbao. Jioni hakuna aliyemsifu yule dada wala kumpigia makofi. Tulikuwa tunangoja asubuhi.

Asubuhi Madam alikuwa getini kabla ya msimamizi, na lile daftari la majina mkononi. Jina la kwanza kusomwa lilikuwa la yule msichana.

Wewe unaweza kuona ni kitu kidogo. Mimi nilisimama pale nikihisi kitu kooni, kwa sababu nilijua hesabu niliyofanya siku yangu ya tatu ilikuwa imepata jibu lingine.

Baadaye nilienda kusoma sheria inasemaje, maana mtu ukishaacha chuo unasoma tu kile unachokitaka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, ile watu huita OSHA, ina kifungu cha 14. Ukiwa na sababu ya maana ya kuamini kuna hatari kubwa, unatakiwa kuripoti kwa msimamizi wako, na mwajiri hana ruhusa ya kukurudisha hapo kabla ya kuirekebisha. Ukiondoka mahali penye hatari ya aina hiyo, hutakiwi kufutwa wala kuadhibiwa. Sheria hiyo hiyo inasema vifaa vya kujikinga ni vya mwajiri kukupa, na kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi iwe na kamati ya usalama ambamo wafanyakazi nao wana wawakilishi wao. Yote hayo yalikuwepo kabla sijakanyaga pale. Yule msichana hakujua kifungu hata kimoja. Na mimi, hata kama ningevijua vyote, siku ile ningenyamaza, kwa sababu kibarua wa siku hafutwi, haitwi tu. Hakuna barua, hakuna ushahidi. Kidole kinakuruka.

Ndiyo maana jambo la pili alilofanya Madam, na ambalo wakubwa walilipinga kwa miezi, ni kuwatoa watu getini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi au zaidi, kazi yake ihesabiwe kuwa ya mkataba. Wengi wetu tulikuwa tumepitisha mwezi kitambo. Alianza na watu wa mashine: mkataba wa miezi sita sita, jina kwenye kompyuta badala ya daftari la shule. Aliwaambia wakubwa kwamba mtu mpya kila siku kwenye msumeno ni ghali kuliko mtu mwenye mkataba. Hoja ya pesa, basi. Kama ilifanya kazi, mimi sina neno.

Mambo mengine yalikwenda vibaya. Ofisi kuu ilituletea ubao: SIKU BILA AJALI, na namba ya kubadilishwa kila asubuhi. Ikifika 60, kila mtu pakiti mbili za unga na mafuta ya kupikia. Tulifurahi sana. Siku ya 51 jamaa mmoja wa kutoa mifupa alijikata kiganjani, akafunga kwa plasta ya buluu, akavaa glavu juu yake, kimya. Angeripoti vipi? Watu themanini wangekosa unga kwa sababu yake. Siku ya 55 mkono ulikuwa umevimba kama mahamri. Kazi ya nyama mbichi haibembelezi kidonda. Alilazwa. Madam aliung'oa ubao kwa bisibisi mbele yetu, unga tukapewa hata hivyo, na daftari la nusura likabaki peke yake ukutani. Kwa hivyo ukiingia kampuni ukaona ubao wa aina hiyo una namba kubwa sana, usishangilie haraka. Uliza kwanza mtu akijikata nini kinampata.

Kulikuwa pia na wale mafundi wa kisu waliokataa glavu ya chuma, ile ya vipete vidogo vidogo iliyosukwa kama wavu. Inavaliwa kwenye mkono usioshika kisu, ule unaoshikilia nyama. "Inafanya mkono mzito," walisema, na walikuwa na haki, kwa sababu walilipwa kwa kilo. Mkono mzito ni kilo chache, kilo chache ni pesa chache. Huwezi kumlipa mtu kwa kasi halafu umhubirie polepole. Walibishana wiki tatu hadi hesabu ya malipo ikabadilishwa. Na hata baada ya hapo wawili walikuwa wanaivua Madam akiondoka. Sikudanganyi.

Mlango wa nyuma nao ulikuwa na kufuli. Sababu? Wizi wa nyama. Na wizi ulikuwepo, tusijifanye malaika, nimeona mtu akitoka na fillet kwenye gambuti. Mimi mwenyewe niliona kufuli ni sawa mpaka usiku mmoja, katika kusoma kwangu, nikafika mji unaoitwa Hamlet, jimbo la North Carolina, Marekani. Tarehe 3 Septemba 1991 kiwanda cha kuku kilishika moto pale, mafuta ya mashine yalimwagikia kikaango. Milango ilikuwa imefungwa, wenye kiwanda wakihofia kuibiwa kuku. Watu 25 walikufa. Kiwanda kilikuwa kimefanya kazi miaka 11 bila kukaguliwa usalama wa wafanyakazi hata mara moja. Lakini wakaguzi wa nyama ya kuku, wa serikali, walikuwa wanafika kila siku. Nilisoma hiyo sentensi mara tatu. Kuku walikuwa na daktari wao.

Niliandika Hamlet kwenye daftari la nusura, ukurasa mzima, mwandiko mbaya. Kufuli likatolewa, mlango ukawekwa ule mshikio unaosukuma kwa ndani ukafunguka, na king'ora kinacholia ukifunguliwa. Mwizi anasikika na mtu wa moto anatoka. Chumba cha baridi kali, nyuzi 18 chini ya sifuri, kikapata kifungulio cha ndani. Amonia inayopoza mitambo tukafundishwa harufu yake na njia ya kukimbilia kulingana na upepo. Wa upande wa kuchinja wakapata mafunzo ya magonjwa yanayotoka kwa mnyama, kama brusela, kimeta na homa ya Bonde la Ufa. Hiyo ya mwisho, katika mlipuko wa 2006 na 2007, iliua zaidi ya watu 150 nchini, na anayegusa damu ya mnyama mgonjwa yuko mstari wa mbele kabisa.

Pale tuliposhindwa ni usiku. Waoshaji walikuwa wa kampuni nyingine, wanaingia saa nne sisi tukitoka, na hakuna daftari lililowangoja. Kuosha ndiko hatari zaidi, fikiria tu: vikinga vyote vimefunguliwa, sakafu ni maji na sabuni, mtu ameingiza mkono hadi kwenye bega ndani ya mashine, na mwingine ukumbini hajui, anawasha stima. Dawa yake inajulikana. Kabla ya kuingiza mkono unazima swichi kuu na kuitia kufuli lako mwenyewe, ufunguo unakaa mfukoni mwako, na hakuna awezaye kuwasha hadi utoke. Kufuli la shilingi mia chache. Wetu wa mchana walikuwa nazo. Wa usiku hawakuwa, kwa sababu "si watu wetu". Huko Marekani, mwezi Februari 2023, Idara ya Kazi ilitoza kampuni moja ya kuosha viwanda vya nyama faini ya dola milioni 1.5 kwa kuajiri watoto 102, wa miaka 13 hadi 17, zamu za usiku. Ilipatikana hivyo kwa sababu usiku hakuna anayeangalia. Nilipoondoka pale, Madam alikuwa bado anapigania kufuli za usiku. Sijui kama alizipata na simu yake sijapiga, hilo ni kosa langu.

Sasa wewe unayeamka kesho saa kumi, uende geti fulani la Mombasa Road au la mtaani kwenu. Sitakuambia uwe shujaa siku ya kwanza. Lakini ukiingia, angalia kitufe chekundu kiko wapi kabla ya kuangalia choo kiko wapi. Angalia swichi za vikinga kama zina waya, gundi au kipande cha kitambaa. Sukuma mlango wa dharura uone kama unafunguka. Muulize mtu wa zamani nani aliwahi kusimamisha mashine na yuko wapi sasa. Hilo la mwisho litakuambia kuliko mabango yote. Na ukiumia, ripoti siku hiyo hiyo, kwa maandishi, hata kama ni SMS, na weka nakala. Sheria ya fidia ya majeraha kazini, WIBA, nayo ya 2007, inampa mwajiri siku saba kumjulisha Mkurugenzi wa usalama na afya kazini baada ya kupata taarifa, na dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Wengi wa rika letu hawajui hiyo miezi 12. Wanangoja kuitwa.

Mwenzangu wa mashine ya kusaga naye alikuwa anangoja kuitwa. Mwezi wa tisa baada ya ajali alikuja getini, mkono mfukoni, kuuliza habari ya fidia. Ilikuwa haijaripotiwa. Kilichokuwepo ni karatasi moja ya msimamizi: mfanyakazi alikuwa mzembe, mashahidi watatu wanathibitisha. Madam akatuita mmoja mmoja. Wale wawili walikuwa wameshaacha kazi. Nilibaki mimi.

Sikuweza kuongea, kwa hivyo nikaomba daftari la nusura. Nikaandika: "Siku yangu ya tatu kazini niliona swichi ya kikinga imefungwa kwa waya na kigongo cha kusukumia hakipo. Wiki ya saba nilisema mwenzangu ni mzembe. Haikuwa kweli." Nikatia sahihi, jina kamili, namba ya kitambulisho. Madam akapiga picha ukurasa huo, ukaambatanishwa na fomu yake, na ripoti ikapelekwa.

Nilimfuata nje nikamkuta kwenye kibanda cha chai, ameshika kikombe kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia nilichoandika, chote, hadi ile siku ya tatu.

Alinyamaza muda. Kisha akaniuliza, "Bro, siku ya tatu?"

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nilianza siku ya ishirini na ngapi sijui. Kumbe ulikuwa unajua kabla hata sijafika." Akamaliza chai yake, akanilipia na yangu, akasimama kungoja matatu. Dai lake bado linaendelea. Huwa ananitumia ujumbe kila akienda ofisini kuuliza, mistari miwili tu, imefika wapi na amepewa tarehe gani nyingine. Namjibu kila mara, na hapa kwangu nina nakala ya ule ukurasa endapo wataiuliza tena.